Mifuko Ilitimia, Ukuta Haukutimia: Mambo Ambayo Kamati ya Ujenzi Inapaswa Kuyajua Kuhusu Mota



Katika toleo hili napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho kila kamati ya ujenzi hukilipia, lakini wachache wetu hukiangalia kwa karibu. Ni ule mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji unaounganisha tofali na tofali. Mafundi wetu wengi huuita "udongo", wengine "mota". Hapa nitatumia neno mota ili tusichanganye na udongo wa kawaida wa shambani, ambao nao bado unajengea nyumba nyingi mkoani kwetu.

Mimi si mhandisi. Shahada yangu ni ya mipango ya maendeleo. Haya ninayoandika nimejifunza kwa wahandisi na mafundi tuliofanya nao kazi, na mengine nimejifunza kwa gharama. Nianze na gharama hiyo.

Msumari wa inchi 4

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka hapa Matogoro kwenda kukagua kazi katika mtaa mmoja ambao sitautaja kwa jina. Washarika walikuwa wakijenga darasa la chekechea na ofisi ya mwalimu. Matofali walifyatua na kuchoma wenyewe. Saruji ilinunuliwa kwa sadaka ya mavuno pamoja na msaada wa marafiki wetu wa ng'ambo. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, na kwa mbali zilipendeza.

Mhandisi niliyekuwa naye alitoa msumari wa inchi 4 mfukoni, akaupitisha kwenye kiungo kati ya matofali mawili. Mota ikamwagika kama sukari. Akasogea hatua chache, akarudia. Ikamwagika tena.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Kamati ilikaa siku ile ile, na maneno yaliyotoka ni yale ambayo wengi wetu tungeyasema: "Saruji imeuzwa." Macho yote yakamgeukia mama mzee wa kanisa aliyekuwa akitunza stoo. Hakujibu kitu. Aliondoka, akarudi na daftari lake pamoja na rundo la mifuko mitupu, imefungwa kumi kumi kwa kamba. Kila mfuko ulioingia ulikuwa umeandikwa. Kila uliotoka ulikuwa na sahihi ya fundi. Tuliihesabu mifuko mitupu mbele ya watu wote, na hesabu ikalingana na risiti za duka bila kupungua hata mmoja.

Saruji yote ilikuwa imeingia ukutani. Hata hivyo ukuta ulikuwa dhaifu. Ilikuwaje?

Kazi ya mota ukutani

Mota ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuwa godoro: matofali yetu ya kuchoma hayalingani, na mota hujaza mabonde ili uzito ushuke sawasawa bila kuvunja tofali. Ya pili ni kuwa gundi, yaani kufanya matofali mengi yawe kitu kimoja. Ya tatu ni kuziba, ili mvua na upepo visipite.

Wengi tukisikia "nguvu ya mota" tunafikiria uwezo wa kubeba uzito. Kwa majengo yetu ya ghorofa moja, hilo si tatizo kubwa. Ukuta wa matofali wenye urefu wa mita 3 kwenda juu hukandamiza mstari wake wa chini kwa takriban nusu kilo kwa kila sentimita 1 ya mraba. Ongeza paa la bati na mbao zake, bado mzigo ni mdogo. Mota ya kawaida iliyotengenezwa vizuri hubeba takriban kilo 40 kwenye eneo hilo hilo.

Kwa hiyo jengo letu haliko hatarini kwa sababu ya uzito unaoshuka. Liko hatarini kwa nguvu zinazosukuma kutoka ubavuni na kuvuta: upepo wa mvua za kwanza unaoupiga ukuta mrefu kabla paa halijawekwa, msingi unaotitia upande mmoja, mlango unaobamizwa na watoto kila siku, na tetemeko la ardhi. Nguvu hizo hujaribu kutenganisha tofali na tofali. Hapo inayohitajika ni gundi, na gundi haitegemei saruji peke yake.

Namba zinasemaje

Uwiano ni hesabu ya sehemu za saruji kwa sehemu za mchanga kwa ujazo. Kwa viwango vinavyotumika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, nguvu ya mota hupimwa ikiwa na umri wa siku 28, kwa kipimo cha nyutoni kwa milimita 1 ya mraba. Nyutoni 1 kwa milimita ya mraba ni sawa na takriban kilo 10 kwa sentimita ya mraba. Mota ikitengenezwa na kutunzwa vema, makadirio ni haya:

- Uwiano wa 1 kwa 3: takriban nyutoni 12
- Uwiano wa 1 kwa 4: takriban nyutoni 6
- Uwiano wa 1 kwa 5 au 6: takriban nyutoni 4
- Uwiano wa 1 kwa 7 au 8: takriban nyutoni 2

Kwa kuta za kawaida za matofali ya kuchoma juu ya msingi, uwiano wa 1 kwa 5 au 1 kwa 6 unatosha. Chini ya ardhi na mahali penye unyevu wa kudumu, 1 kwa 4 hufaa zaidi.

Hapa baadhi ya wajumbe huniuliza: "Kwa nini tusiweke 1 kwa 3 kila mahali tuwe salama?" Jibu ni kwamba nguvu ya mota na nguvu ya ukuta ni vitu viwili tofauti. Wahandisi wa Ulaya wana kanuni ya kukadiria nguvu ya ukuta kutokana na nguvu ya tofali na nguvu ya mota. Kwa kanuni hiyo, ukiifanya mota iwe na nguvu mara 2, ukuta huongezeka nguvu kwa takriban asilimia 23 tu. Ukilifanya tofali liwe na nguvu mara 2, ukuta huongezeka kwa takriban asilimia 62. Maana yake ni kwamba mwenye kutaka ukuta imara aanze kwenye tanuru, kwa matofali yaliyoiva vizuri mpaka katikati, kabla ya kuongeza mifuko ya saruji.

Tena mota ngumu kuliko tofali ina hasara yake. Jengo lolote husogea kidogo kwa joto, baridi na unyevu. Mota yenye ulaini kiasi huvumilia, na ufa ukitokea hupita kwenye kiungo, mahali panapozibika kwa urahisi. Mota ngumu mno hulazimisha ufa upite katikati ya tofali. Mota yenye saruji nyingi pia husinyaa zaidi inapokauka, na huacha nyufa ndogo ambazo maji hupenya.

Wazee wetu wa pwani walilielewa jambo hili. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu zake zilijengwa kwa vipindi kati ya karne ya 11 na ya 15, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Mota ya chokaa ni dhaifu mara kadhaa kuliko ya saruji na hukomaa polepole sana, kwa kunyonya hewa ya ukaa kutoka angani. Lakini kuta zile ni nene, na mota ile inalingana na jiwe lake. Kuta nyingi bado zimesimama, na magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Nguvu ni kulingana.

Mambo sita yanayoua mota bila kuiba hata mfuko mmoja

Mhandisi wetu hakuuliza habari za stoo. Aliuliza mchanga umetoka wapi, mota inachanganywa saa ngapi, na maji yanatoka wapi. Majibu yalitosha kuueleza ukuta ule. Nayaeleza hapa pamoja na mengine tuliyoyakuta katika miradi mingine.

1. Mchanga mchafu. Mchanga wao ulichotwa kando ya kijito, ukiwa umechanganyika na tope laini. Tope huizunguka kila chembe ya mchanga na kuizuia saruji isishike. Kipimo chake hakigharimu kitu. Chukua chupa nyeupe ya plastiki, jaza mchanga mpaka karibu nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache imetulia saa 3. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake kama utando. Ikiwa mchanga una kimo cha milimita 100, tope lisizidi milimita 8. Likizidi, osheni mchanga huo au tafuteni mwingine. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Sisi tunaoishi chini ya milima ya Matogoro, inakoanzia safari ya mto Ruvuma, tusijenge kanisa kwa kubomoa chanzo cha maji.

2. Kupima kwa beleshi. Beleshi la asubuhi, fundi akiwa na nguvu, si sawa na beleshi la saa 8 mchana. Toroli la kujaa na toroli la kusawazisha hutofautiana sana. Dawa yake ni kisanduku cha mbao kisicho na kitako, chenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani. Ujazo wake ni lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Ukitaka 1 kwa 5, mfuko mmoja kwa visanduku 5 vya mchanga vilivyosawazishwa. Asiye na kisanduku atumie ndoo ya lita 20: kwa 1 kwa 4 ni ndoo 7, kwa 1 kwa 6 ni ndoo 10 na nusu. Changanyeni vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo muweke maji.

3. Mota iliyolala. Hili ndilo lililotuumiza zaidi. Saidia fundi walikuwa wakichanganya lundo kubwa saa 1 asubuhi ili wapumzike. Kufikia saa 4 lundo lilikuwa limeanza kukakamaa, nao wakiongeza maji na kulikoroga upya, hivyo mpaka jioni. Saruji haikauki kama nguo. Hushikana kwa maji kuungana nayo, na kazi hiyo huanza pale pale maji yanapoingia. Kwa saruji ya daraja la 32.5, kiwango kinataka isianze kushika kabla ya dakika 75. Kwa daraja la 42.5, kabla ya dakika 60. Ukiikoroga baada ya hapo unavunja vifungo vilivyokwisha kujifunga, na havirudi. Ndani ya saa ya kwanza unaweza kurudishia maji kidogo yaliyokaushwa na jua. Baada ya saa moja na nusu hivi, mwageni. Ni afadhali kuchanganya nusu mfuko mara nyingi kuliko mifuko 3 mara moja.

4. Maji mengi. Mota ya maji maji hurahisisha kazi ya mwiko, lakini maji yanayozidi mahitaji ya saruji huondoka baadaye na kuacha matundu. Mota nzuri hukaa juu ya mwiko bila kutiririka, na hutoka kwenye mwiko bila kung'ang'ania. Chokaa ya kujengea ikipatikana, mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 huifanya mota iwe laini na ishike maji yake bila kuhitaji kuongezewa.

5. Tofali kavu. Tofali la kuchoma ni kama sifongo. Likiwekwa kavu, hunyonya maji yote ya mota kwa dakika chache, na saruji inabaki na kiu kabla haijamaliza kazi. Ukilibandua utakuta limetoka safi kabisa, kana kwamba halijawahi kugusana na mota. Chovya tofali kwenye pipa la maji kabla ya kulijenga, kisha acha maji ya juu yachuruzike. Kadhalika ondoeni vumbi na majivu ya tanuru.

6. Kutomwagilia. Ukuta uliojengwa leo unahitaji unyevu kwa siku 7. Saruji hupata sehemu kubwa ya nguvu yake katika juma hilo la kwanza, na huendelea mpaka siku ya 28 na kupita. Saruji zilizochanganywa na majivu ya volkano hukomaa polepole zaidi, kwa hiyo zinahitaji uvumilivu huo hata zaidi. Nyunyizieni maji asubuhi na jioni, na mfunike kwa magunia mabichi au maturubai.

Naongeza neno juu ya unene wa kiungo. Kiungo kinachofaa ni milimita 10. Kwenye majengo yetu nimepima hadi milimita 25, kwa sababu matofali yamepinda. Kiungo cha namna hiyo hula mota zaidi ya mara mbili, na bado hudhoofisha ukuta. Kurekebisha kalibu ya kufyatulia kunaokoa saruji nyingi kuliko kubana matumizi stoo.

Kalenda yetu ni sehemu ya tatizo

Kuna sababu makosa haya yanajirudia Ruvuma. Fedha zetu hufuata mahindi. Mavuno huanza mwezi wa 5, sadaka ya mavuno na mnada wake huja baada ya hapo, na ujenzi hushika kasi kuanzia mwezi wa 7 hadi wa 10. Hiki ndicho kipindi cha ukavu, na kuelekea mwishoni mwake jua ni kali, upepo hukausha, na visima vingi vimeshuka. Akina mama wanaobeba maji kichwani kutoka mbali wanaambiwa walete ya kuchanganyia. Nani atathubutu kuwaomba na ya kumwagilia ukuta siku 7? Katika mtaa ule maji ya kumwagilia hayakuwemo kwenye bajeti kabisa. Hakuna aliyekuwa mvivu. Tuliopanga mradi ndio tuliosahau, na mimi nikiwa mmoja wao.

Kwa upande mwingine, kamati nyingine hununua saruji yote mara fedha inapopatikana, halafu mvua za mwezi wa 12 zinaikuta bado stoo. Saruji hunyonya unyevu wa hewa. Kanuni ya kawaida ni kwamba ikikaa miezi 3 inaweza kupoteza takriban sehemu ya tano ya nguvu zake, na kwenye stoo yenye unyevu hasara ni kubwa zaidi. Ipangeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Siku hizi, kwa barabara ya lami kupitia Tunduru na kiwanda cha Mtwara kilichoanza uzalishaji mwaka 2015, pamoja na saruji itokayo Songwe, Mbeya, hakuna haja kubwa ya kulimbikiza kama zamani.

Kwa nini tusipuuze

Mtu anaweza kusema kwamba majengo mengi ya namna hiyo yamesimama miaka 30. Ni kweli, mpaka siku yanapojaribiwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, wengi walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba yaliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakufaa tena. Duniani tetemeko la kiasi hicho huhesabiwa kuwa la kati, si kubwa.

Tusidhani Kagera ni mbali. Bonde la Ufa linapita Ziwa Nyasa, mpakani mwa mkoa wetu. Desemba 2009 matetemeko mfululizo yalitikisa Karonga, Malawi, ng'ambo ya ziwa hilo, yakaua watu na kuangusha nyumba nyingi. Katika matetemeko ya namna hii, kuta za matofali zilizounganishwa kwa tope au kwa mota dhaifu ndizo hutangulia kuanguka, hasa pembe tatu za juu za ukuta chini ya paa. Kupaka lipu nzuri kwa nje hakusaidii. Nabii Ezekieli, sura ya 13, alikwisha kulinganisha maneno matamu ya uongo na ukuta uliopakwa vizuri kwa nje ambao dhoruba inauangusha. Watakaokaa chini ya ukuta wetu ni watoto wa miaka 4 na 5.

Maombi yangu kwa kamati za usharika

Hamhitaji maabara. Fanyeni haya manne:

Kwanza, kabla ya kuanza, fanyeni kipimo cha chupa mbele ya fundi, na muihifadhi chupa hiyo. Kila lori la mchanga likija, rudieni.

Pili, jaribuni gundi. Unganisheni matofali mawili kwa mota ya siku hiyo, moja limelala msalaba juu ya jingine. Yafunikeni yakiwa na unyevu siku 7. Kisha inueni kwa kushika tofali la juu tu. La chini likibaki limeshikamana, mko salama. Likidondoka na kutoka safi, tofali lilikuwa kavu au lina vumbi. Mota yenyewe ikisagika, tatizo ni mchanga, kipimo au muda.

Tatu, mjumbe mmoja awe na daftari la mota kando ya daftari la stoo: saa ya kuchanganya, visanduku vya mchanga, saa ya kumaliza lundo, na nani amemwagilia jana. Na awe na msumari. Ukuta wenye siku 28 haupaswi kukwaruzika kwa urahisi.

Nne, ongeeni na fundi kwa heshima. Wengi walifundishwa kazi na mabwana zao bila kuelezwa sababu. Fundi akilipwa kwa idadi ya matofali anayojenga kwa siku, tofali la kuchovya maji linampunguzia ugali. Mpatane malipo yanayomruhusu kufanya kazi vizuri.

Maombi yangu kwa marafiki wanaotuchangia

Tunawashukuru sana. Mnapopitia bajeti zetu, msishangae kuona mstari wa maji, simtanki, maturubai, chekeche la mchanga na nauli ya mhandisi. Hiyo si mianya ya fedha. Tumezoea kuwaletea ripoti yenye idadi ya mifuko kwa sababu ndiyo inayohesabika, na ninyi mmezoea kuiuliza. Tuulizeni pia: mchanga ulipimwa lini? Ukuta ulimwagiliwa siku ngapi? Na mkubali ratiba isiyotulazimisha kumaliza kuta kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Saruji haisomi kalenda ya bajeti.

Mwisho wa habari ya mtaa ule

Kuta zilishushwa hadi juu ya msingi. Kwa kuwa mota haikuwa imeshika, matofali yalitoka mazima na safi, na karibu yote yalitumika tena. Saruji ndiyo iliyopotea, pamoja na jasho la msimu mzima. Msimu uliofuata tulianza kwa kununua simtanki, na vijana wa kwaya walipanga zamu ya kumwagilia. Darasa limesimama na linatumika.

Jumapili moja kabla kazi haijaanza tena, mwenyekiti wa kamati alisimama mbele ya usharika akamwomba radhi yule mama wa stoo. Alisema: "Tulihesabu mifuko, hatukuangalia mota." Mama aliitikia kwa kichwa tu, akaketi.

Hadi leo yeye ndiye mtunza stoo wa mtaa ule. Daftari lake sasa lina safu moja zaidi, ya saa ya kuchanganya, na kwenye msumari ukutani mwa stoo pananing'inia kisanduku cha lita 35.

Mungu awabariki, na kazi za mikono yenu azithibitishe.

Mratibu wa Miradi, Matogoro, Songea